Gemu Moja Aliyoimaliza Ghassan

Ghassan bin Khalaf wa Ibra, Oman, ni mtu wa kutegemewa, na hilo nalitanguliza mapema, maana yatakayofuata yanaweza kukufanya umdharau bure. Ukitaka kuhamisha kabati, utamwita Ghassan. Pakiwa na maziko Al Kamil na gari hakuna, utamwita Ghassan. Ofisini kwake, kwenye vibali vya ujenzi, mafaili ambayo wenzake wameyaacha nusu yeye ndiye anayeyakamilisha, na hanung'uniki. Ana miaka arubaini na moja, kitambi kidogo, ndevu zimeanza kuingia mvi, na sijapata kusikia amemwambia mtu "njoo kesho" ikiwa leo inawezekana. Lakini mtu huyu huyu alikuwa na gemu ishirini na tatu nyumbani kwake, na hakuna hata moja aliyoifikisha mwisho.

Wala sisemi hizi gemu za simu za kupotezea wakati hospitali. Nasema zile ndefu, za saa themanini, za saa mia, zenye nchi nzima ndani yake, na milima na masoko na wafalme na farasi, ambazo mtu mwenye kazi na mke anaweza kuzicheza miezi mitatu. Ghassan alikuwa akizianza kwa mapenzi kama bwana harusi. Kila njia anaijua, kila mwenye duka anamjua, chakula kinapoa mezani. Halafu inafika siku, mara nyingi robo tatu ya safari imekwisha, upanga bora keshaupata, ramani imefunguka yote, adui aliyebaki mmoja tu, na hamu inamtoka. Hamna hasira, hamna ugomvi. Anaizima, anasema ataendelea kesho, na kesho yenyewe haiji tena.

Mkewe Buthaina, mwalimu, mtu wa Sur, alikuwa akimfanyia mzaha kwa Kiarabu mbele ya wageni: mume wangu ameokoa falme ishirini na tatu nusu nusu. Ghassan alicheka pamoja nao. Ila siku moja Buthaina alimuuliza kwa dhati, wako peke yao, kwa nini humalizi? Ghassan alitafuta jibu, akaambulia hili tu: nikishauona mwisho unakuja, siutaki tena. Buthaina alimtazama kidogo, akamwambia huo si ugonjwa wa gemu, akarudi kwenye madaftari ya wanafunzi wake.

Ulikuwa ugonjwa mdogo usiomdhuru mtu. Ukaja ukamgusa mama yake.

Bi Fawziya binti Musabbah alizaliwa Unguja, shamba, akaja Oman msichana wa miaka kumi na tisa, miaka minane baada ya machafuko ya sitini na nne, na Kiswahili chake ni kile alichokuja nacho, hakikuongezeka neno wala hakikupungua. Mumewe keshatangulia mbele ya haki. Wajukuu wanamjibu kwa Kiarabu. Buthaina, pamoja na wema wake wote, Kiswahili anakijua "shikamoo", "karibu" na majina ya vyakula. Kwa hivyo mtu wa kuzungumza naye kabakia Ghassan, na Ghassan naye Kiswahili chake kina mapengo. Akisema "mlango kubwa", mama yake humrudishia "mkubwa" bila ya kunyanyua uso kwenye tasbihi. Wakishaulizana hali, na dawa, na mvua kama itanyesha, maneno yaliwaishia. Ghassan alilijua hilo na lilimuuma, lakini hakujua la kufanya.

Kisha macho ya Bi Fawziya yakaanza kufifia. Presha ya macho, alisema daktari wa Nizwa, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Siku ile walipotoka kwa daktari, Ghassan alipita duka moja pale pale Nizwa akanunua gemu mpya, maana na yeye moyo ulikuwa mzito na hiyo ndiyo dawa yake. Walipofika Bidbid, njia inapokata kuja Ibra, wakasimama kunywa chai ndani ya gari. Bi Fawziya aliipapasa ile boksi iliyokuwa mapajani mwake.

"Nini hiki, baba?"

"Gemu, mama. Yangu."

"Yako. Mwanao ana miaka kumi na tano, na gemu yako."

Ghassan alicheka, na yeye akacheka. Halafu akauliza, kwa kuulizia tu, "Ina habari gani?"

Ghassan akamsomea nyuma ya boksi, akigeuza Kiingereza kwa shida. Kuna mtu wa nchi za baridi, za theluji. Mdogo wake, mtoto wa miaka minane, amechukuliwa siku ya vita. Sasa kaka anamtafuta nchi nzima. Basi.

Bi Fawziya hakuinywa chai yake. Gari lilikuwa lishafika barabarani ndipo aliposema, "Walipoteana vipi?"

"Sijui, mama. Sijaicheza."

"Ukiicheza, nambie."

Ghassan alidhani anaburudishwa tu, kama mama anavyomsikiliza mtoto. Kumbe kesho yake baada ya sala ya alasiri alimwona anakuja anapapasa ukuta, tasbihi mkononi, akakaa kwenye kochi pembeni yake. "Haya," alisema, "tuanze."

Wakaanza. Ghassan anacheza, na huku anamwambia kila kinachotokea na kila kinachosemwa, kwa Kiswahili. Mwanzoni alikuwa akikwama kila sentensi. Hana neno la ngome, mama anampa. Hana neno la kuvizia, mama anampa. Yule mwenye kutafuta walimwita Kaka Mtu, na yule mpokea kodi wa mfalme, Bi Fawziya alimpa jina la Bwana Kiherehere. Alikuwa na maoni juu ya kila mtu. "Huyo mwanamke muongo, usimfuate," alisema mara moja, na alikuwa muongo kweli, na Ghassan akapoteza farasi. Walicheka mpaka Buthaina akaja mlangoni kutazama kuna nini, akasimama pale, hafahamu neno, akarudi jikoni kuwaletea chai na halwa.

Miezi miwili ilikwenda hivyo. Ghassan alizungumza na mama yake katika miezi miwili ile zaidi ya alivyozungumza naye miaka kumi. Wakati mwengine Kaka Mtu akipita kijijini, mama alikumbuka kijiji chake, akasema mawili matatu, kisha akarudi kwenye tasbihi yake. Na kila jioni, karibu na magharibi, kabla hajanyanyuka kwenda kutia udhu, aliuliza suala lile lile.

"Mtoto bado?"

"Bado, mama."

"Haya. Kesho inshaallah."

Mwezi wa tatu, hamu ikamtoka Ghassan.

Aliijua ilipokuja, maana ilikwisha kuja mara ishirini na tatu. Ramani ilikuwa imefunguka yote. Imebaki milima ya kaskazini na ngome ya mwisho, saa ishirini na tano hivi za kupigana na watu wale wale kwa upanga ule ule. Kidole kilikuwa kizito juu ya pedi ya kuchezea. Akikaa kucheza anasikia usingizi, akiamka anasikia uvivu. Zamani angeizima, yakaisha. Sasa palikuwa na mtu kwenye kochi anayesubiri mtoto wa miaka minane.

Siku ya kwanza alisema amechoka. Siku ya pili Bi Fawziya alikuja, akakaa, akasema "tuanze", na Ghassan akaiwasha ile gemu, akamsimamisha farasi katikati ya theluji, upepo unavuma kwenye tivii, akaanza kuzua. Sina haja ya kumpamba: ulikuwa uongo, na alimdanganya mama yake asiyeona. Pedi mkononi, farasi kasimama, na yeye anasema Kaka Mtu kavuka mto, Kaka Mtu kalala kwa mwenye kahawa. Alijiambia kwamba haidhuru, hadithi ni hadithi.

Siku nane alifanya hivyo. Na mtu anayezua kwa haraka huokota kilicho karibu. Wanawake wa sokoni wakaanza kugombana kama shangazi zake. Mwenye kahawa akawa na bao la kete nje ya mlango. Mfalme akala samaki wa nazi. Bi Fawziya alisikiliza yote, hakusahihisha kitu, wakati mwengine alitabasamu, na Ghassan akajiona hodari.

Ilipofika Alkhamisi, Buthaina na watoto wamekwenda Sur kwa wazee wake, nyumba kimya, Ghassan akaamua kuimaliza hadithi yake ya kuzua. Alitaka alasiri zake zirudi. Na alitaka kumpa mama yake mwisho mzuri, hilo nalo lilikuwa kweli.

"Leo, mama, mtoto anapatikana."

Bi Fawziya aliishika tasbihi kwa mikono miwili.

"Kaka Mtu kafika kwenye ngome. Walinzi wamelala. Anazunguka nyuma, na huko nyuma pana ghala. Ghala la mbata, mama, lina mlango mdogo wa mbao. Ndani kiza, na harufu ya nazi kavu, na magunia mpaka juu. Kaka Mtu anasimama mlangoni, anaita jina. Na mtoto anatoka mwenyewe nyuma ya magunia, mzima, ana vumbi tu la kichwani."

Alisubiri asikie alhamdulillahi. Hakuisikia. Alipogeuka, uso wa mama yake ulikuwa umebadilika hata akaogopa.

"Ghassan." Hakusema baba. "Nchi ya theluji, mbata imetoka wapi?"

"Si mbata hasa, mama, ni mimi nimesema..."

"Nani alikwambia habari ya ghala la mbata?"

"Weye. Nilipokuwa mdogo. Ulinambia mlikuwa mkicheza ndani yake, weye na mjomba Yaqoob, kabla hajafa na homa."

Na hayo ndiyo yote aliyokuwa akiyajua juu ya mjomba Yaqoob. Mdogo wake mama, alikufa na homa Unguja ana miaka saba. Picha hamna. Hakuwahi kuuliza zaidi, kwani homa ina suala gani?

"Yaqoob hakufa na homa," alisema Bi Fawziya.

Ghassan aliiweka pedi chini. Upepo ulikuwa bado unavuma kwenye tivii, akaipunguza sauti mpaka ikanyamaza.

"Nilikuwa na miaka kumi na moja. Siku zile za machafuko. Baba alinambia, mshike mdogo wako mkono, mwende mpaka kwa jirani, msisimame njiani. Tukenda. Karibu na ghala tukasikia watu wengi wanakuja, wanapiga kelele. Nikamtia ndani. Nikamwambia kaa nyuma ya magunia, usitoke mpaka nije nikwite mimi. Akikwita mwengine, usitoke. Akasema haya, dada. Alikuwa mtiifu sana yule. Nikatoka kwenda kumtafuta mama."

Ghassan akadhani ameishia hapo. Miguu yake yeye mwenyewe ilitaka kunyanyuka. Ulikuja ule uzito anaoujua, ule wa kuuona mwisho na kutoutaka, na kama pangekuwa na kitu cha kuzima angekizima. Akajilazimisha kukaa.

"Halafu, mama?"

"Halafu lori likapita, lina jamaa zetu. Ami yangu akaninyanyua akanitia ndani. Nikamwambia Yaqoob, Yaqoob, akaniziba mdomo kwa kiganja, akidhani nalia kwa woga. Lori halikusimama mpaka mjini. Siku ya nne baba alipata njia akenda. Mlango uko wazi. Hamna mtu, hamna damu, hamna kitu. Magunia tu." Alivuta pumzi. "Hiyo homa waliitia wao, baba na mama, ili watu wasije wakaniuliza mimi. Na mimi nikaiacha. Hata baba yako, Mungu amrehemu, alikufa akijua ni homa. Miaka sitini na moja, Ghassan, najiuliza jambo moja tu. Kufa keshakufa, hilo nimeshalipokea. Najiuliza, alikaa mle muda gani ananingoja?"

Ghassan alipiga magoti mbele ya kochi. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani mwake. Akamwambia yote: kwamba amechoka na ile gemu siku tisa zilizopita, kwamba farasi amesimama tu, kwamba kila neno alilizua yeye.

"Najua," alisema mama yake. "Tangu siku ile ya mwanzo. Kwato sizisikii. Macho ndiyo yaliyokufa, masikio bado."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa unazungumza na mimi."

Hapo Ghassan alilia. Bi Fawziya alimwacha alie, akampapasa kichwani, na alipomaliza akamwambia maneno aliyoyasema taratibu ili yasikosewe. "Sasa nataka ile ya kweli. Najua ni mambo ya kutungwa, nina akili zangu. Lakini mtu aliyeitunga amefikiri, na mimi nataka kujua amefikiri nini. Kama kapatikana, kapatikana. Kama hakupatikana, nambie. Usinipambie, Ghassan. Mimi nimepambiwa tangu nina miaka kumi na moja."

Angeweza kutazama mwisho kwenye simu, dakika moja tu. Aliishika simu kweli, kisha akairudisha mfukoni, maana alijijua: akiujua mapema atapata nafasi ya kuutengeneza. Akacheza. Alicheza siku kumi na sita, kila alasiri, bila ya raha hata kidogo, kama anavyoyamaliza mafaili ya wenzake. Milima ya kaskazini ilikuwa mirefu na watu wake wakali, akafa mara nyingi, akaanza upya mara nyingi, na kwato zikasikika. Wakati mwengine, akipanda mlima, alizifikiria zile ishirini na tatu. Falme zote zile zilikuwa bado zimesimama kwa sababu yeye hakwenda kuziona zikianguka. Aliona sasa alikuwa akiogopa nini, na wala hakujionea huruma.

Kwa idhini ya mama yake, alimweleza Buthaina habari ya Yaqoob. Siku zilizobaki Buthaina aliacha madaftari yake, akaja kukaa upande wa pili wa Bi Fawziya, akiyasoma maandishi ya Kiarabu yanayopita chini ya kioo.

Siku ya kumi na sita Kaka Mtu aliifungua ngome ya mwisho. Hapakuwa na mtoto. Palikuwa na mzee mwenye funguo, naye akamchukua mpaka nje, kando ya ziwa lililoganda, penye makaburi madogo mstari mmoja. Mzee akaonesha la tatu. Buthaina aliyasoma maneno kabla ya Ghassan kufumbua mdomo, akajishika shavu.

"Kafika?" aliuliza Bi Fawziya. Kwato zilikuwa zimenyamaza.

"Kafika, mama."

"Mtoto?"

Ndani ya chumba kile, mama haoni na Buthaina hasikii Kiswahili. Ghassan angeweza kusema lolote duniani. Nadhani hajawahi kuwa huru namna ile, wala kubanwa namna ile.

"Kafa, mama. Pana kaburi, dogo. Lina jina lake."

Bi Fawziya alitikisa kichwa taratibu. "Kafa lini? Wamesema?"

Ghassan aliurudisha ule usemi wa mzee, akausikiliza tena ili asikosee. "Wiki ile ile aliyochukuliwa. Siku ya pili, anasema mzee. Baridi ilimuingia kifuani." Maneno ya kwamba hakupata tabu yalimjia mdomoni, yako tayari kabisa, na mzee hakuyasema. Akayameza.

"Siku ya pili," alisema mama yake.

"Ndiyo, mama. Ya pili."

Aliuelekeza uso kwenye tivii kana kwamba anaona, na Buthaina amemshika mkono.

"Basi hakungoja sana," alisema Bi Fawziya.